Nafasi haikutosha: hotuba kuhusu uhuru wa kusema na wale wanaotaka tunyamaze

Jamani, wengi mliokosa siku ile mmekuwa mnaniuliza nilisema nini, wengine mmesikia vipande vipande na vipande vingine wala sikuvisema mimi, kwa hiyo nimeamua kuiweka yote hapa kama ilivyotoka mdomoni. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha, bila mimi kusimama pale na kuelekeza kidole hazieleweki.

Ndugu zangu, nawasalimu. Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Vijana wa kule nyuma, mambo vipi, nawaona mmeshika simu, endeleeni tu kurekodi, ila mtu akikata kipande akakirusha basi arushe na kinachofuata, ndo ombi langu la kwanza.

Nimeambiwa nizungumze juu ya kutetea uhuru wa kusema mbele ya watu wanaoua kwa ajili ya itikadi. Alafu aliyepanga ratiba kaandika pale pembeni "dakika 20". Dakika ishirini! Haya.

Ntaanza na kosa langu, maana nimechoka na hotuba za watu ambao hawajawahi kuogopa.

Mimi ni mhariri. Kazi yangu ni kukata maneno ya wengine, na nimeifanya miaka mingi kiasi kwamba mkono unakata kabla kichwa hakijaamua. Miaka kadhaa iliyopita dada mmoja alituletea makala, kijana wa kwao alikuwa ameingia kwenye kundi la watu wenye silaha na hajarudi, na yeye akaandika jinsi ilivyokuwa, taratibu, bila kelele, makala nzuri kweli. Katikati yake kulikuwa na aya moja. Aya fupi. Nikaisoma, nikaisoma tena, moyo ukaanza kwenda mbio, nikaikata. Kesho yake makala ikatoka bila aya ile, dada akapiga simu akaniuliza, mbona pale katikati pamepungua? Nikamwambia nafasi haikutosha.

Sasa nawauliza nyinyi, nani alinitishia? Hakuna. Kuna aliyepiga simu ofisini? Hakuna. Aliyeniandikia barua, aliyenifuata njiani, aliyenitumia meseji usiku? Hakuna hata mmoja. Nilijitisha mwenyewe, nikajikata mwenyewe, alafu nikadanganya mwenyewe. Kazi yote ya gaidi niliifanya mimi, tena bure.

Hapo ndo nilipoanza kuelewa kitu ambacho nataka tukae nacho leo. Tunapofikiria uhuru wa kusema tunamfikiria mtu mmoja shujaa, mwandishi, mchoraji, amesimama peke yake mbele ya bunduki. Lakini neno halisafiri kwa miguu ya aliyelisema. Linapita mikononi mwa watu. Kuna anayehariri, anayesahihisha herufi, anayetafsiri, anayechapa, anayeuza, anayelisoma redioni, anayelifundisha darasani, na kuna yule anayesimama mlangoni kulinda jengo. Mimi naiita mikono ya katikati. Na watu wa itikadi kali, niamini mimi, hawa watu wanaijua mikono ya katikati kuliko sisi tunavyoijua.

Mnakumbuka habari ya Salman Rushdie. Riwaya yake, The Satanic Verses, ilitoka 1988, wengi wakasema inaukashifu Uislamu, tarehe 14 Februari 1989 Ayatollah Khomeini, kiongozi wa Iran, akatoa fatwa kwamba auawe, na siyo yeye tu, na waliohusika kuichapa wakijua kilichomo. Sikilizeni hapo. Na waliohusika kuichapa. Rushdie akafichwa, Uingereza ikampa polisi. Sasa wale wengine nani aliwaficha? Julai 1991 mtafsiri wake wa Kiitaliano, Ettore Capriolo, akachomwa visu nyumbani kwake Milan, akapona. Siku chache baadae mtafsiri wa Kijapani, Hitoshi Igarashi, profesa, akakutwa ameuawa kwa visu pale pale chuoni kwake Tsukuba. Mpaka leo hakuna aliyekamatwa. Oktoba 1993 mchapishaji wa Norway, William Nygaard, akapigwa risasi tatu nje ya nyumba yake Oslo, Mungu akamnusuru, akarudi kazini.

Igarashi, jamani, alikuwa msomi wa Uislamu. Maisha yake yote alikuwa anawaelezea Wajapani ustaarabu wa Kiislamu, mtu wa kujenga daraja. Wakamuua mjenga daraja. Na ukikaa ukafikiria unaona kwanini, daraja likibaki itikadi kali inakosa soko.

Nenda Dhaka, Bangladesh. Februari 2015 mwandishi Avijit Roy anatoka kwenye maonyesho ya vitabu na mkewe, wanavamiwa kwa mapanga, yeye anakufa, mke anaumia vibaya. Miezi minane baadae, tarehe 31 Oktoba, wanamfuata mchapishaji wake, Faisal Arefin Dipan, ofisini kwake, wanamuua. Siku hiyo hiyo mchapishaji mwingine wa Roy anavamiwa, anaponea chupuchupu. Mwandishi ameshakufa! Wanamfuata wa nini mchapishaji? Wanamfuata kwa sababu mwandishi akifa kitabu kinabaki, kitabu hakifi mpaka anayekichapa aogope.

Na Paris, tarehe 7 Januari 2015, watu 12 wakauawa kwenye shambulio la gazeti la vichekesho la Charlie Hebdo, lililokuwa limechapisha katuni za Mtume Muhammad. Wachoraji tunawajua majina, Cabu, Wolinski, Charb na wenzao. Wangapi humu wanamjua Mustapha Ourrad? Nyoosheni mikono. Naona mmoja, na wewe tulikuwa tunaongea nje, hauhesabiki. Mustapha Ourrad alikuwa msahihishaji. Alizaliwa Algeria, yatima, akaenda Ufaransa, akajisomea mwenyewe mpaka akawa anawasahihishia Wafaransa Kifaransa chao, na uraia wao alikuwa ameupata muda mfupi tu kabla ya siku ile. Hakuchora katuni yoyote. Aliweka mkato mahali pa mkato. Fundi wa matengenezo alikuwa pale mapokezi, akauawa wa kwanza. Na barabarani nje kulikuwa na polisi, Ahmed Merabet, Mwislamu, akapigwa risasi akiwa ameshalala chini, kwa jina la dini ambayo ni yake. Gazeti lile lilikuwa linaicheka dini yake, na yeye alikufa akifanya kazi ya kulilinda. Mimi nikiulizwa maana ya kutetea uhuru wa kusema sichukui kitabu cha sheria, nawaonyesha Merabet.

Sasa, mikono ya katikati inaweza kuachia na inaweza kushika. Ntawapa mfano wa kushika maana nisipowapa mtatoka humu mmenuna.

Ule ule mwaka 1989 Marekani kulikuwa na makampuni makubwa ya maduka ya vitabu, matawi mamia kwa mamia. Vitisho vilipoanza makubwa yale yakatoa riwaya ya Rushdie kwenye shelfu, yakasema tunalinda wafanyakazi wetu, na siwacheki, mimi niliyekata aya bila kutishiwa na mtu nimcheke nani? Lakini kule Berkeley kulikuwa na duka moja, Cody's Books. Mwisho wa Februari usiku likatupiwa bomu la moto dirishani. Asubuhi wanasafisha masizi wakakuta na bomu lingine halijalipuka, limelala karibu na shelfu ya mashairi, polisi wakalilipua humo humo ndani kwa sababu kulibeba ilikuwa hatari zaidi. Baada ya hapo mwenye duka akawaita wafanyakazi kikao. Hakuwaambia sisi ni mashujaa. Aliwauliza, tunafanyaje na hiki kitabu? Watu wa kupokea hela, watu wa kupanga maboksi, wakapiga kura. Wote, bila hata mmoja kupinga, wakasema tunaendelea kukiuza.

Mmeona tofauti? Makampuni yale yaliamuliwa na bosi mmoja na hofu yake. Duka lile lilikaa chini likaongea. Hofu ukiwa nayo peke yako inakutawala, ila mkishaiweka mezani mkaijadili inakuwa ni suala kama masuala mengine, linapigiwa kura alafu watu wanarudi kazini.

Nikija kwenye kunyamaza kwenyewe. Kuna watu wanadhani kunyamaza ni kama kuzima taa, unazima, usalama unakuja, kesho unawasha. Nendeni Mogadishu, Aprili 2010. Kundi la wapiganaji la Hizbul Islam likaziambia redio zote za mji, tunawapa siku kumi, baada ya hapo sitaki kusikia muziki. Siyo muziki wa matusi, muziki, wote. Hata ule wa kuanzishia taarifa ya habari. Watangazaji wangefanyaje? Waandishi wenzao walikuwa wanauawa barabarani. Wakakubali. Sasa redio bila muziki ina mapengo, habari ikiisha kabla ya nyingine unaweka nini? Wakaanza kuweka sauti za kila kitu. Mawimbi ya bahari. Vyura. Jogoo. Na milio ya bunduki! Yaani gitaa limekatazwa, bunduki ruksa.

Mnacheka, na mimi nilicheka, lakini ukilala usiku ukafikiria, wale watangazaji walikuwa wanasema kitu. Walikuwa wanaiambia nchi nzima, sikilizeni wenyewe kilichobaki baada ya kuondoa nyimbo. Wamekatazwa kusema na bado wamesema, kwa vyura.

Alafu hadithi haiishii hapo, wengi huwa hawamalizii. Serikali ya wakati ule nayo ikaja juu, ikasema redio itakayotii amri ya wale ntaifungia mimi. Kwa hiyo mtangazaji ukipiga wimbo unauawa, usipopiga unafungiwa. Nani hapo alikuwa anatetea uhuru wa kusema? Mimi nasema hakuna hata mmoja. Mmoja anakulazimisha kwa risasi, mwingine kwa kufuli, na wote wawili hawajakuuliza wewe mwenye redio unataka kupiga nini. Nalisema hili makusudi kwa sababu siku hizi kila sheria ya kuziba watu midomo inaletwa imevaa koti la kupambana na ugaidi, na mkosoaji wa kawaida kabisa anaitwa gaidi kwa sababu kauliza hela za umma ziko wapi. Tukikubali hilo basi magaidi wameshinda bila kufika, wamepata wa kuwafanyia kazi.

Tuwe makini hapa, maana swali najua linakuja. Je, kila neno lilindwe? Hata la kuchochea kuua? Nawajibu, hapana. Na mfano upo Rwanda. Redio RTLM ilianza kurusha matangazo Julai 1993, ina vichekesho, ina muziki mtamu, watangazaji wachangamfu, vijana wanaipenda. Aprili 1994 mauaji yalipoanza redio ile ile ikawa inawaita Watutsi mende, inasoma majina ya watu, inataja namba za magari, inataja walikojificha. Tarehe 3 Desemba 2003 mahakama ya kimataifa kule Arusha ikawatia hatiani waliokuwa nyuma yake, pamoja na mwenye gazeti la chuki la Kangura. Haikusema wamehukumiwa kwa kuwa na maoni mabaya. Walihukumiwa kwa sababu maneno yao yalikuwa sehemu ya mauaji.

Kwa hiyo mimi nina maneno mawili ambayo naomba msiyachanganye, kuchukiza na kuchochea. Kuchukiza ni mimi nasema kitu wewe unakereka, unakosa usingizi, unataka kuniandikia barua ndefu, karibu, iandike. Kuchochea ni mimi nawatuma watu mlangoni kwako. Umoja wa Mataifa uliona hizi mbili zinachanganywa sana na serikali (sijui kwa bahati mbaya au kwa makusudi, nyie mnajua), wataalam wakakaa Rabat, Moroko, wakamaliza 2012, wakatoa maswali sita ya kuuliza kabla hujamshtaki mtu kwa maneno. Mazingira yakoje? Msemaji ni nani na ana nguvu gani? Alikusudia nini? Kasema nini hasa na kwa namna gani? Yamewafikia wangapi? Na je, kuna uwezekano wa kweli kwamba watu watadhuriwa, tena karibuni? Pitisha RTLM humo, inakamatwa swali la kwanza mpaka la sita. Pitisha mchoraji wa katuni, mwalimu, mshairi aliyekosea adabu, anatoka. Umeudhika, sawa, pole, lakini anatoka.

Nimemtaja mwalimu. Samuel Paty alikuwa anafundisha historia kwenye mji mdogo nje ya Paris. Oktoba 2020 akafundisha somo la uhuru wa kujieleza, akaonyesha zile katuni za Charlie Hebdo, na kabla ya kuonyesha akawaambia wanafunzi ambaye hataki kuona asitazame au atoke kidogo. Binti mmoja wa miaka 13 akamwambia baba yake kwamba mwalimu kawatoa Waislamu darasani kisha kaonyesha picha. Baba akakasirika, nani hasingekasirika? Akarekodi video, akaipandisha mtandaoni. Watu wakashea. Ikafika kwa kijana wa miaka 18 anayekaa mji mwingine kabisa, hajawahi kumuona Paty, hamjui sura, mpaka akalipa wanafunzi hela wamuonyeshe ni yupi. Tarehe 16 Oktoba akamuua, kwa namna ambayo sitaielezea.

Binti hakuwepo darasani. Alikuwa amesimamishwa shule siku mbili kwa utoro, akaogopa kumwambia baba, akatunga uongo. Uongo wa mtoto anaeogopa kugombezwa. Mimi huyo mtoto simlaumu sana, naapa. Nafikiria wale watu wazima waliokaa katikati ya mtoto na kisu. Mmoja mmoja wamekaa kwenye kiti, wamebonyeza kushea, wameenda kula. Si nimewaambia mikono ya katikati? Na huku pia ipo. Neno linapitishwa na mikono, na kifo kinapitishwa na mikono, tena vidole tu, gumba moja.

Na wala msidhani wauaji wanasoma. Yule aliyemvamia Rushdie 2022, alipohojiwa na gazeti akiwa jela alisema amesoma kama kurasa mbili hivi za kile kitabu. Mbili! Alikuwa na miaka 24, kitabu kilitoka hata hajazaliwa. Amebeba kisu kwenda kukata kitu ambacho hajui ni nini.

Kuna mtu pale nimeona anatikisa kichwa. Najua unachotaka kusema kaka, na kuna wengi wanakisema. "Ni vibaya kuua, lakini na wao walichokoza." Hilo "lakini" ndo linaloniumiza mimi kuliko bunduki. Kwa sababu bunduki haiwezi kukaa sebuleni kwetu, "lakini" inakaa, inakaribishwa, inapewa mto wa kuegemea. Mtu akisema nalaani mauaji, nukta, huyo tuko naye. Mtu akisema nalaani mauaji lakini, funga mkanda, kinachokuja baada ya lakini ni mashtaka ya marehemu. Siyo kwamba lazima uzipende katuni. Mimi mwenyewe nyingine nimeziona za kijinga, nyingine zimeniudhi, nasema hadharani. Andika kuzipinga, chora za kwako, susia gazeti, hubiri dhidi yake, hayo yote ni uhuru ule ule. Ila usiweke uzito wa katuni kwenye mzani mmoja na uzito wa mtu.

Na wale wanaodhani hili ni jambo la dini moja dhidi ya wengine, wasome zaidi. Denver, Juni 1984, mtangazaji wa redio Alan Berg, Myahudi, mdomo mkali, alipigwa risasi nje ya nyumba yake na kundi la wazungu wabaguzi aliokuwa anawaumbua hewani. Bengaluru, India, Septemba 2017, Gauri Lankesh, mhariri wa gazeti dogo la Kikannada, mkosoaji wa itikadi kali za Kihindu, naye risasi mlangoni kwake. Algeria miaka ya tisini waliuawa waandishi makumi, Waislamu kwa Waislamu, mmoja wa mwanzo ni mshairi na mwandishi Tahar Djaout, 1993, na mwaka uliofuata wakamuua mwimbaji Cheb Hasni kule Oran kwa kosa la kuimba mapenzi. Unaona, mara nyingi wa kwanza kuuawa ni wa nyumbani. Na siku mbili baada ya Charlie Hebdo, tarehe 9 Januari 2015, gaidi alipoingia kwenye duka la Wayahudi Paris, aliyewaficha wateja kwenye chumba cha baridi chini ni Lassana Bathily, mfanyakazi wa duka, Mwislamu kutoka Mali. Akazima friji wasigande, akatoka kwa lifti ya mizigo kutafuta msaada, na polisi wakamfunga pingu yeye kwanza, wakidhani ndo gaidi. Haya.

Sasa tufanye nini? Sina dawa ya chupa moja. Sitawaambia kila mtu afe shahidi, nina watoto, na nyinyi mna watoto. Ninachokiona ni kwamba mahali watu walipogawana hatari, hatari ilipungua uzito. Mtu mmoja akichapisha, ana sura, ana anwani. Magazeti ishirini yakichapisha asubuhi moja, muuaji aanze na nani? Kama kuna mwandishi wenu ametishiwa, msimuulize kaandika nini, muulizeni leo unalala wapi. Ipo mitandao ya miji inayowapa waandishi waliotishiwa mahali pa kukaa na kufanya kazi, ICORN kule Stavanger, Norway, ilianza 2006, na miji zaidi ya sabini imeshajiunga, haya mambo yanawezekana kabisa. Msahihishaji naye awemo kwenye mpango wa ulinzi, mtafsiri naye, dereva naye, siyo bosi tu. Kuna wakati kuficha jina la mtu ni busara kabisa, na hapo usimwite mwoga. Na video ikikuchemsha damu, iache ipoe usiku mmoja kabla hujaituma. Mmoja tu. Paty angekuwa anasahihisha daftari sasa hivi.

Nimalizie, maana mwenye ratiba ananionyesha saa.

Tarehe 12 Agosti 2022, Chautauqua, jimbo la New York. Rushdie amekaa jukwaani, miaka 75, mada ya siku ile ilikuwa kuwapa hifadhi waandishi waliokimbia kwao, yaani mada yetu hii hii. Yule kijana akapanda jukwaani na kisu. Rushdie akapoteza jicho moja. Mwenyeji wake Henry Reese, mzee naye, akamrukia mshambuliaji, akajeruhiwa. Na hapa ndo ninapotaka mtazame viti mlivyokalia. Watu wa kwenye viti waliinuka. Hawana silaha, wengi watu wazima, wamekuja kusikiliza hotuba tu kama nyinyi, wakakimbilia jukwaani badala ya mlangoni, wakamlalia yule kijana, wengine wakashika majeraha ya mzee yasiendelee kumwaga damu. Kwa mikono.

Mimi sijaombwa kitu kikubwa hivo. Mimi niliombwa aya. Nimempigia yule dada mwezi uliopita, nimemwambia ukweli, alinyamaza kidogo alafu akaniambia nilijua. Nimemuomba ruhusa ya kuisoma leo bila jina lake, akakubali. Ninayo hapa, nimeiweka mfukoni tangu asubuhi. Nasoma:

"Watu wanasema mdogo wangu alichukuliwa na watu wabaya kutoka mbali. Si kweli. Alichukuliwa na watu tuliowakaribisha sebuleni, wenye heshima zao, na sisi tulisikia wanachomwambia na tulikijua. Tulinyamaza kwa sababu kila mmoja alimngoja mwenzake aseme."

Nimeihesabu juzi. Haifiki mistari sita. Nafasi ilikuwepo.